Imani Iliyo Sawa Ni Ipi?

Wako wadhanio ya kuwa mwenye imani iliyo sawa ni yule aikaririye Imani ya Mitume pasipo kukosa neno. Kukariri ni kwema, ingawa wengine hukariri mbio kama wahesabuo mahindi. Lakini Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari Karl V mjini Augsburg, tarehe 25 Juni 1530, lafundisha katika sura ya 20 ya kwamba hata Shetani azijua habari za Kristo. Imani haikomi katika kujua. Hulishika ondoleo la dhambi. Kwa hiyo Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, hakusema tu ya kwamba Kristo aliwakomboa watu. Aliungama ya kuwa amemkomboa yeye mwenyewe, mtu aliyepotea.

Basi, kwa nini twayalinda mafundisho ya kweli? Si kwa kushindana. Mgonjwa aliye karibu na kufa huuliza, “Je! nimetenda ya kutosha?” Mwalimu akichanganya matendo yetu na msamaha, mgonjwa huyo atayapima maisha yake usiku kucha, asipate pa kukanyaga. Bali akihubiriwa Kristo peke yake, hana haja ya kupima tena. Na matendo mema tuyafundishe kwa bidii, lakini mahali pake, yaani katika kumtumikia jirani.