SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: BARAFU HAIFUFUI SAMAKI

Wako wanachama wa vyama vya wavuvi, na hata baadhi ya makatibu, wanaoamini kwamba samaki akishatiwa ndani ya friza mambo yamekwisha. Imani hiyo huleta hasara, na mara nyingine maradhi. Friza humhifadhi samaki katika hali aliyoingia nayo. Akiingia akiwa ameanza kuharibika, atatoka hivyo hivyo, na atakayeumia ni mlaji. Ndiyo sababu somo hili laanzia chomboni, wala si jikoni.

Samaki afapo, mambo mawili huanza. Vimeng'enya vya tumboni, ambavyo alipokuwa hai vilimsagia chakula, sasa humgeukia yeye mwenyewe. Tena vijidudu vilivyomo ngozini, matamvuani na matumboni huanza kuishambulia minofu. Joto huyaharakisha yote mawili, baridi huyachelewesha. Wakati wa kaskazi maji ya pwani yetu hufikia nyuzi 28 hadi 30 za sentigredi. Changu aliyelala juu ya mbao za dau tangu alfajiri hadi adhuhuri hawezi kulingana na mwenzake aliyelazwa barafuni, hata wakigandishwa saa ileile.

Jambo hili ni zito zaidi kwa jodari, nguru na vibua. Samaki wa jamii hiyo wakiachwa katika joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Mlaji huwashwa mdomo, uso humwiva, kichwa humgonga, pengine hutapika na kuhara, na huenda akashindwa kupumua vizuri. Huyo apelekwe hospitali bila kukawia. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha, na samaki mwenyewe aweza kuwa hana harufu yoyote mbaya. Basi katibu asione haya kumkataa jodari aliyeshinda juani, ajapokuwa ameletwa na mzee wa chama. Kumstahi mzee huyo ni kuwahatarisha watoto wa watu wengine.

Je, barafu kiasi gani yatosha? Kilo 10 za samaki wenye joto la nyuzi 30 huyeyusha kilo 3 hivi za barafu ili washuke hadi sifuri. Wengi huishia katika hesabu hiyo, wakashangaa barafu imekwisha kabla ya kufika pwani. Wamesahau joto linaloingia kupitia kuta za sanduku mchana kutwa. Kwa nchi za joto kama zetu, kanuni iliyo salama ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu ivunjwevunjwe, ipangwe tabaka kwa tabaka pamoja na samaki, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji, kwani maji yale hubeba damu na uchafu.

Nyumbani, samaki atolewe matumbo na matamvua, aparwe magamba, aoshwe kwa maji safi ya baridi hasa penye damu ya uti wa mgongo, kisha akaushwe kwa kitambaa safi. Akatwe vipande vya mlo mmoja, vifungwe katika mfuko wa plastiki na hewa yote itolewe. Hewa ndiyo ikaushayo nyama na kuyachachusha mafuta yake. Vipande vitandazwe visirundikane. Nyama igandayo polepole hufanya chembe kubwa za barafu zinazoipasua, nayo ikiyeyuka hutoa maji mengi na kubaki kama sifongo. Kwa sababu hiyohiyo friza isishindiliwe samaki wengi wabichi kwa siku moja: sehemu moja ya kumi ya uwezo wake yatosha.

Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, samaki wenye mafuta mengi kama vibua hudumu na ladha yao miezi 2 hadi 3. Wasio na mafuta mengi, kama changu, hufika hata miezi 6. Kila mfuko uandikwe tarehe, na kwa friza ya chama jina la mwenye mali na uzito pia, yote yakiingizwa daftarini mbele yake. Magomvi mengi ya friza za ushirika ni ya uzito usioandikwa.

Umeme ukikatika, mfuniko usifunguliwe. Friza iliyojaa huhifadhi baridi yake kwa saa 48 hivi, iliyo nusu kwa saa 24. Samaki aliyeyeyuka kabisa na kupata joto asirudishwe kugandishwa. Naye wa kupikwa kesho ahamishiwe leo jioni katika jokofu la kawaida, ndani ya bakuli, wala asiachwe mezani usiku kucha.