Jirani Akipanda Mahindi ya GMO: Sheria za Ulaya Zinavyolinda Mpaka wa Shamba

Chavua ya mahindi ni nzito, na sehemu kubwa huanguka ndani ya makumi machache ya mita kutoka kwenye mmea. Inayobaki hupeperuka hadi kwa jirani. Hiyo inayobaki ndiyo iliyotungiwa sheria.

Usalama wa mbegu ya GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba, kwa afya na mazingira huamuliwa kabla haijaruhusiwa kupandwa, tena katika ngazi ya Umoja wa Ulaya. Mvutano wa shambani ni wa pesa. Chakula au malisho ambayo kiungo chake chochote kina GMO zaidi ya asilimia 0.9 lazima lebo iseme hivyo. Mchanganyiko ulio chini ya hapo husamehewa, mradi umetokea kwa bahati mbaya au haukuepukika. Mkulima wa mahindi ya kawaida akikivuka kiwango hicho kwa sababu ya chavua ya jirani, mnunuzi anaweza kumshushia bei au kuukataa mzigo. Wa kilimo hai ndiye mwenye hofu zaidi, maana wateja wake humlipa bei ya juu kwa kuwa mazao yake hayana GMO.

Namna ya kuzuia hasara hiyo kila nchi imeachiwa ijipangie. Umoja wa Ulaya ulitoa mapendekezo tu, mwaka 2003 na tena 2010. Matokeo yake, Uholanzi walikubaliana mita 25 kati ya mahindi ya GMO na ya kawaida, na 250 kwa kilimo hai. Ujerumani ikaweka 150 na 300, Ureno 200 na 300. Upepo wa Uholanzi haupungukiwi nguvu. Namba hizi zimebeba siasa pamoja na sayansi.

Ureno inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu huko zao lenyewe limepandwa kweli. Mkulima huhudhuria mafunzo kwanza, kisha huwaarifu majirani. Akikosa nafasi ya mita 200, anaruhusiwa kuzungushia mistari 24 ya mahindi ya kawaida ili inase chavua, au kupanda kwa tarehe tofauti ili mashamba mawili yasichanue kwa wakati mmoja. Mashine za kupandia na kuvunia husafishwa kabla ya kuhamia shamba jingine. Mbegu za GMO hutozwa ada inayoingia kwenye mfuko wa fidia.

Ujerumani ni wakali zaidi. Jirani lazima ajulishwe miezi 3 kabla, na shamba liandikwe kwenye sajili ambayo umma unaweza kuisoma. Hasara ikitokea, mdai hana haja ya kuthibitisha uzembe. Isipojulikana chavua ilitoka kwa nani, wapandaji wa karibu wote wanaweza kudaiwa. Ila mwaka 2009 nchi hiyo ilipiga marufuku upandaji wa MON810, mahindi yanayojikinga na bungua, na tangu 2015 nchi wanachama zinaweza kukataa kilimo cha GMO bila kudai kwamba kina hatari. Zaidi ya nusu zilifanya hivyo.

Cha ajabu, Hispania, inayoongoza Ulaya kwa kulima MON810, hasa Aragón na Catalonia, haikutunga sheria ya kitaifa ya aina hii. Mahindi hayo mengi huishia kwenye malisho ya mifugo, ambako wanunuzi hawachagui sana.

Nyuki ndio walioshinda mita zote hizi. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba asali yenye chavua ya MON810 haiuzwi bila kibali, kesi iliyotokana na mizinga ya Bavaria. Mwaka 2014 sheria ikageuzwa: chavua ikahesabiwa kuwa sehemu ya asili ya asali, na kwa kuwa ni kidogo mno ndani yake, asilimia 0.9 ni vigumu kufikiwa. Mfugaji anayetaka asali isiyo na hata chembe hana budi kuhamisha mizinga yake.