Umri wa Kigeu na Majina Yake: Somo Fupi la PHP



Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, lakini kila wiki naandika PHP kwa ajili ya daftari la michango la chama. PHP ni lugha ya skripti iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994, na ni nyepesi kujifunza. Lakini fedha za watu ni amana, na programu inayokosea kimyakimya ni ya kuogopwa kuliko ile inayogoma kabisa. Leo tuangalie mambo mawili yanayoleta makosa ya kimya: vigeu tuli na marejeo. Kila ukiona kigeu, kiulize maswali mawili: unaishi muda gani? Una majina mangapi?

1. Kigeu kinachokumbuka

Kigeu cha kawaida ndani ya fanksheni huzaliwa fanksheni inapoitwa na hufa inapomaliza. Kigeu tuli hubaki na thamani yake hadi fanksheni itakapoitwa tena:

function namba() {
    static $n = 0;
    $n++;
    return $n;
}

Iite mara tatu, utapata 1, 2, 3. Ile sifuri huwekwa mara moja tu. Ondoa neno static, utapata 1, 1, 1. Pamoja na kukumbuka huko, $n bado ni cha ndani: ukikuta $n nje ya fanksheni, hicho ni kigeu kingine kabisa.

Sasa swali la umri. Kwenye tovuti, kigeu tuli huishi kwa ombi moja la ukurasa tu. Tuseme Fatuma amefungua ukurasa wa kulipia, akapewa risiti namba 1. Yusuf akifungua baadaye, hesabu inaanza upya, naye anapewa namba 1. Risiti mbili, namba moja, na mweka hazina hana la kujibu. Kwa hiyo namba za risiti zitunzwe kwenye hifadhidata. Kigeu tuli kinafaa kwa hesabu ya ndani ya ukurasa mmoja, kama kuzipa namba safu za jedwali.

2. Thamani moja, majina mawili

Kwa namba, maneno na orodha, ukiandika $b = $a unapata nakala: ukibadilisha $b, $a haiguswi. Ukiandika $b = &$a, hakuna nakala. Thamani ni ileile moja, imepewa jina la pili, na ukibadilisha kupitia jina lolote, yote mawili yanaona mabadiliko.

Wanaosoma elimu ya wapokezi wa Hadithi hawatashangaa. Abu Bakr ni kunya, as-Siddiq ni lakabu, na jina lake ni Abdullah. Anayewahesabu watu watatu hapo amekosea, maana mtu ni mmoja.

Tazama sasa michango iliyoandikwa kwa maelfu ya shilingi, tunayotaka kuigeuza iwe shilingi kamili:

$michango = [5, 10, 20];
foreach ($michango as &$m) {
    $m = $m * 1000;
}
foreach ($michango as $m) {
    echo $m, "\n";
}

Utatarajia 5000, 10000, 20000. Kitakachochapishwa ni 5000, 10000, 10000. Aliyetoa elfu ishirini ameandikiwa elfu kumi, jumla imepungua kutoka 35,000 hadi 25,000, na PHP haikutoa onyo lolote.

Sababu ni hii: mzunguko wa kwanza ulipokwisha, $m haikufa. Ilibaki kuwa jina la pili la mchango wa mwisho. Mzunguko wa pili ukaweka 5000 ndani ya $m, yaani ndani ya mchango wa mwisho, kisha 10000. Ulipoufikia mchango wa mwisho wenyewe, ulikuta 10000.

Dawa yake ni mstari mmoja, baada tu ya mzunguko wa kwanza:

unset($m);

Mstari huu haufuti mchango. Unakata jina tu, na thamani inabaki salama.

3. Mawili haya yakikutana

function kumbuka() {
    static $jina;
    if ($jina === null) {
        $mpya = "Zaituni";
        $jina = &$mpya;
        echo "Imewekwa\n";
    }
}

Iite mara mbili, itachapisha "Imewekwa" mara mbili, kana kwamba haikukumbuka kitu. Kila fanksheni inapoitwa, jina $jina hufungwa kwenye hifadhi ya kudumu. Alama ya & inalifungua hapo na kulifunga kwenye $mpya, ambayo hufa fanksheni inapomaliza. Ile hifadhi haikuguswa, bado ni tupu. Andika $jina = $mpya; bila &, na "Imewekwa" itaonekana mara moja tu.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wa michango, bila unset, mzunguko wa pili ukitumia $x badala ya $m, kitachapishwa nini? Je, hatari imekwisha, au inamsubiri atakayeongeza mistari chini yake?
2. Ita namba() mara mbili kwenye ukurasa mmoja, kisha ufungue upya ukurasa huo. Unaona nini, na kwa nini?

Jibu kwanza kwa kalamu na karatasi, kisha uihakikishe kwenye kompyuta. Na kabla ya kumkabidhi mweka hazina orodha yoyote, jumlisha mwenyewe kwa mkono walau mara moja.

Wabillahi tawfiq.