Bega la Mwogeleaji: Kuumia, Kupona na Matumaini ya Chuo Kikuu

Chungwa likiwekwa juu ya kisosi huweza kuviringika kuelekea kila upande, lakini kwa sababu hiyo hiyo huanguka upesi. Bega la binadamu limeumbwa kwa namna inayokaribiana na hiyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea ni kidogo, tena hakina kina. Ndiyo maana mkono huzunguka kwa uhuru kuliko viungo vingine vya mwili, na ndiyo maana bega hutegemea misuli na kano kuliko umbo la mifupa.

Misuli minne hukizingira kichwa hicho na kukishikilia mahali pake. Kano ya msuli mmojawapo hupita katika upenyo mwembamba chini ya ncha ya mfupa bapa wa bega. Misuli ikichoka, kichwa cha mfupa huweza kupanda kidogo. Upenyo hupungua, na kano hubanwa.

Hesabu ya mipigo

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mwanafunzi wa sekondari akaaye Kwa Mrombo, jijini Arusha, ambaye huogelea kilomita 4 kwa siku, siku tano kwa juma, katika bwawa la mita 25. Umbali huo ni sawa na kulivuka bwawa mara 160. Iwapo anapiga mikono mara 16 katika kila mvuko, basi kwa siku hupiga mara 2,560, yaani 1,280 kwa kila mkono. Kwa juma kila bega huzunguka mara 6,400, na kwa majuma kumi mara 64,000.

Hesabu hii yaonyesha kwa nini mwogeleaji aumiaye bega mara nyingi hawezi kuitaja siku aliyoumia. Hakuanguka wala hakugongwa. Ni dosari ndogo ya mpigo, au uchovu mdogo, uliorudiwa mara elfu nyingi.

Hatua tatu za kupona

Kano hupata damu kidogo kuliko msuli. Kwa hiyo hupona polepole. Kano iliyochanika hupona kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, ichukuayo siku chache, huja uvimbe na maumivu, nazo seli za damu husafisha mahali palipoharibika. Katika hatua ya pili, ichukuayo majuma kadhaa, seli hutengeneza nyuzi mpya za kolajeni, lakini nyuzi hizo hulala ovyo. Katika hatua ya tatu, iwezayo kuchukua miezi mingi, nyuzi hupangwa kufuata upande wa mvuto.

Mkonge unatoa mfano mzuri. Lundo la nyuzi za mkonge halina nguvu ya kamba; nguvu hupatikana nyuzi zinapolazwa upande mmoja na kusokotwa. Katika kano, kinachozipanga nyuzi ni mzigo wa kadiri. Kwa hiyo kulilaza bega kabisa kwa miezi si dawa, na kulitwisha mzigo mzito mapema ni kuichana kazi ambayo haijakamilika.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Maumivu huweza kutoweka kabla nguvu haijarudi. Mashindano yakikaribia, mwanafunzi husema, «Siumwi tena,» naye mwalimu humrudisha majini kwa mzigo wa zamani. Baada ya majuma machache bega huuma tena, na safari hii huchukua muda mrefu zaidi kupona.

Kurudi kwa vipimo

Moyo na mapafu hupoteza uwezo wao katika majuma machache ya kukaa bure. Kwa hiyo miguu na ifanye kazi wakati bega linapopona. Lakini kushika ubao wa kuelea mikono ikiwa imenyooshwa mbele huweza kulibana bega. Afadhali mwogeleaji alale chali, mikono ikiwa ubavuni, apige miguu.

Mtaalamu wa tiba ya viungo akiruhusu, mipigo ya mikono huanza kwa umbali mdogo. Tuseme mwanafunzi anaanza na mita 1,000 kwa siku na kuongeza asilimia 10 kila juma. Kwa kuwa kila ongezeko huhesabiwa juu ya kiasi cha juma lililotangulia, huzipita mita 4,000 baada ya maongezeko 15, yaani katika juma la 16. Asilimia 10 si sheria ya maumbile bali ni kipimo cha busara. Bega likiuma, ongezeko husimamishwa.

Mlango wa chuo

Njia ya michezo kwenda chuo kikuu si ndoto tupu. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Jason Dunford wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Stanford alipofika fainali ya mita 100 za kipepeo mjini Beijing mwaka 2008, akawa wa tano.

Hata hivyo, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, hakitazami saa ya bwawani peke yake. Katika daraja lake la kwanza mwanafunzi hudaiwa masomo ya msingi 16 ya sekondari yenye alama za kutosha. Na vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Basi miezi minne ya kungoja kano si miezi iliyopotea. Saa mbili za bwawani zikihamishiwa kwenye fizikia na hesabu, mwanafunzi huyo hurudi majini akiwa karibu zaidi na chuo, hata kama bado yu mbali na kasi yake ya zamani.

Maswali

1. Mwogeleaji akipunguza mipigo kutoka 16 hadi 14 kwa kila mvuko, kila bega litaokoa mizunguko mingapi kwa juma?
2. Akiongeza asilimia 5 kila juma badala ya 10, atazipita mita 4,000 baada ya maongezeko mangapi?
3. Eleza kwa nini kutoweka kwa maumivu si ushahidi wa kupona kwa kano.