Mlango wa Matumaini na Hadhari kwa Kiongozi Uliyempinga

Bismillahi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Suala: Mtu alimpinga mgombea kwa ulimi wake na kwa kura yake. Kisha yule aliyepingwa akala kiapo, akashika kazi. Je, yafaa kumtarajia kheri, au huo ni unafiki?

Jawabu: Yafaa, bali ndiyo adabu ya Muislamu, kwa sharti matumaini yafuatane na hadhari. Unafiki ni kusema lisilokuwamo moyoni. Ama kumtakia kiongozi atengenekewe si unafiki, kwani akiharibika madhara huwafikia wote, aliyempa kura na aliyemnyima.

Mfano wa kwanza: Sayyidna Hasan bin Ali (r.a.) alikuwa na jeshi lake katika khitilafu na Muawiya. Mwaka wa 41 wa Hijra (661) akamwachia ukhalifa ili damu za Waislamu zisimwagike, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Jamaa. Lakini hakutoa mkono bure. Alifunga mapatano kwanza.

Mfano wa pili ni wa karibu, ng'ambo ya bahari ya Mrima. Novemba 2009 Maalim Seif Sharif Hamad alikutana na Rais Amani Abeid Karume, wakapatana. Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na thuluthi mbili hivi wakaikubali serikali ya umoja. Oktoba ile Maalim Seif alishindwa kwa kura chache na Dokta Ali Mohamed Shein, akayakubali matokeo, akawa Makamo wa Kwanza wa Rais. Kisha uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, chama chake kikasusia, na umoja ukavunjika. Mwaka 2020 chama chake kipya, ACT-Wazalendo, kiliyakataa matokeo. Dokta Hussein Ali Mwinyi akaapishwa tarehe 2 Novemba. Hata hivyo tarehe 8 Desemba Maalim Seif akala kiapo cha Umakamo wa Kwanza chini yake, akafariki tarehe 17 Februari 2021.

Suala: Ikiwa ahadi ya kwanza ilivunjika, mbona kutarajia mara ya pili?

Jawabu: Kwa sababu raia wameonja kinyume chake. Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba, na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ndugu wakasusiana harusi na mazishi, na hali kusindikiza jeneza ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe. Mwenye kuyakumbuka hayo hakati tamaa upesi. Wala halali usingizi, maana yameonekana ya 2015.

Basi yampasa aliyeshindwa mambo matatu. La kwanza, kumwombea kiongozi uongofu. La pili, kumnasihi: katika Hadithi ya Tamim ad-Dari (r.a.), aliyoipokea Imamu Muslim, na Imamu Nawawi akaiweka ya saba katika Arbaini yake, Mtume (s.a.w.) ameifanya nasiha kwa viongozi kuwa katika dini. La tatu, kumpima kwa vitendo, si kwa kauli. Akiamrisha maasi, hapana utiifu katika hilo.

Wala haya si ya marais peke yao. Mtu wa Kibuta aliyemnyima kura diwani, au mwenyekiti wa kijiji, asikae barazani akingoja aanguke. Aende mkutano mkuu wa kijiji, asikilize mapato na matumizi yakisomwa, aulize kwa adabu palipo na shaka, na akiona jema aseme ni jema. Na wakutanapo msikitini wasimame safu moja, bega kwa bega, yeye na aliyemshinda.

Mwenyezi Mungu awatengeneze viongozi na raia. Amin. Wallahu aalam.