Vita Vimekwisha, Askari Waende Wapi?

Kupigana vita ni kazi, na kuvunja jeshi vita vikiisha ni kazi nyingine. Leo tusome habari za Marekani.

Zamani nchi hiyo ilikuwa makoloni 13 ya Uingereza. Mwaka 1775 watu wake walianza kupigania uhuru. Oktoba 1781 jeshi kubwa la Waingereza lilisalimu amri huko Yorktown. Lakini kambini mwisho wa mapigano ulitangazwa tarehe 19 Aprili 1783. Muda wote huo askari walikuwa wakingoja, na mishahara hawajapata. Kwa nini? Bunge lao halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliomba fedha kwa majimbo, na majimbo yalikuwa mazito kutoa.

Machi 1783, katika kambi ya Newburgh, ilizunguka barua isiyo na jina. Iliwachochea maofisa wasikubali jeshi livunjwe mpaka walipwe. Jambo la hatari hilo! Mkuu wa jeshi, George Washington, akawaita awasihi. Alipotaka kuwasomea barua nyingine alitoa miwani, akaomba radhi kwamba amepata mvi na sasa macho nayo yanafifia katika utumishi. Wengine walitokwa na machozi. Mpango ule ukafa.

Wengi husifu miwani hiyo. Sawa, lakini deni lilibaki pale pale.

Mwezi Juni askari wengi walirudishwa kwao kwa jina la likizo. Mtu wa likizo bado ni askari, aweza kuitwa tena, na serikali haimlishi. Waliruhusiwa kwenda na bunduki zao. Fedha taslimu hakuna. Waliahidiwa hati za mshahara wa miezi mitatu, nazo zilipwe baada ya miezi sita. Hati ni kama stakabadhi ya pamba: inasema unadai, lakini dukani huwezi kupimiwa chumvi kwa hiyo. Wengi waliondoka kabla hati hazijafika.

Mwezi huo huo askari wa Pennsylvania waliokuwa wakidai walizunguka jengo la Bunge mjini Philadelphia. Wabunge wakahamia Princeton.

Hati za deni la miaka ya nyuma zilikuja baadaye. Askari Joseph Plumb Martin, katika kitabu chake cha mwaka 1830, anaeleza kwamba aliuza baadhi ya hati zake apate nguo za heshima. Wenzake wengi waliuza kwa bei ya kutupa.

Washington alirudisha madaraka yake kwa Bunge tarehe 23 Desemba 1783. Juni 1784 Bunge liliamua wabaki askari 80 tu, walinde ghala za silaha. Mwaka 1790 serikali mpya, yenye uwezo wa kutoza kodi, ilikubali kulipa deni. Kumbe analipwa mwenye hati mkononi, siyo aliyepigana! Walanguzi wakavuna. Askari wa kawaida asiye na kilema alingoja pensheni mpaka sheria ya mwaka 1818, nayo ilikuwa kwa maskini tu. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu likizo ile.

Maswali ya kuzungumza kikundini
Kwa nini Bunge liliita likizo badala ya kuwaachisha kazi?
Mwaka 1790, ungemlipa nani: aliyeuza hati au aliyeinunua?