KISUKARI, DAWA NA POMBE: AMELEWA AU ANAUMWA?



Wagonjwa wa kisukari wana swali ambalo huliuliza kwa sauti ya chini: "Je, naweza kunywa hata chupa moja?" Wengi hawaulizi kabisa. Wanakunywa, na siku ya kliniki wananyamaza. Ni afadhali tuzungumze wazi.

Tuchukue mfano. Ni siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi kwa taa, na wavuvi wa Kibirizi na Katonga wamepumzika. Mzee mmoja mwenye kisukari amemeza kidonge chake cha glibenklamidi asubuhi, akanywa chai kavu, akaenda kukaa na wenzake. Hadi jioni amemaliza bia tatu, na hajala kitu. Anarudi nyumbani akipepesuka, maneno hayaeleweki, jasho linamtoka, anafoka bila sababu. Mama anawaambia watoto: "Baba yenu amelewa tena, mwacheni alale." Analala. Asubuhi haamki.

Je, mzee huyu alikuwa amelewa? Pengine kidogo. Lakini kilichomwangusha ni sukari kushuka mno katika damu, na dalili zake hufanana sana na za ulevi.

Kwa nini ilishuka? Ini ni ghala la sukari. Tusipokula kwa muda mrefu, ini hutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Pombe ikiingia, ini hushughulika na pombe hiyo na utoaji wa sukari hupungua. Wakati huohuo glibenklamidi inaendelea kulihimiza kongosho litoe insulini, na insulini inaishusha sukari. Anayejidunga insulini yumo katika hatari hiyohiyo. Tena hatari haiishi chupa inapoisha: sukari inaweza kushuka usiku wa manane au kesho yake, hata baada ya saa 24.

Wako wanaosema pombe ya ndizi au wanzuki ni tamu, kwa hiyo itawakinga. Wanajidanganya. Sukari hupanda kwanza, kisha inaweza kushuka baadaye wakiwa usingizini. Gongo ni mbaya zaidi, maana hakuna aliyeipima nguvu yake, na ikiwa na sumu ya methanoli hupofusha macho na kuua.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Kwa hiyo asiyekunywa asianze. Mwenye kisukari anayekunywa, na daktari wake hajamkataza, asizidishe kipimo kimoja kwa siku akiwa mwanamke, au viwili akiwa mwanamume. Kipimo kimoja ni kama mililita 350 za bia au mililita 50 tu za konyagi. Ile chupa ya bia ya mililita 500 ni kipimo kimoja na nusu. Ale kwanza ugali na samaki wake, ashibe, na apime sukari kabla ya kulala kama ana kipimo nyumbani. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini na aliyewahi kuzimia kwa kushuka sukari wasiguse.

Dawa nyingine nazo zina masharti. Metformini na ulevi wa kupindukia huweza kujaza asidi katika damu, jambo la kuua. Anayetumia metronidazo (wengi huiita flajili) asinywe pombe mpaka zipite siku 3 baada ya kidonge cha mwisho. Dawa za kifua kikuu ni kazi nzito kwa ini peke yake, basi aiache pombe miezi yote ya matibabu. Dawa za kifafa na za usingizi zikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi. Kosa linalofanyika sana ni kuruka dawa ili kunywa. Usifanye hivyo.

Sasa, mkimwona mwenye kisukari "amelewa", msibishane naye. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpeni soda ya kawaida nusu chupa, au maji yenye vijiko vidogo 4 vya sukari. Subirini dakika 15. Asipopata nafuu, mpeni tena, na akipata nafuu ale chakula. Kama alikuwa amelewa kweli, sukari hiyo kidogo haitamdhuru. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni: mlazeni ubavu, apelekwe zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Maweni mara moja, na dawa zake zichukuliwe.

Katika vijiji vya kuelekea Gombe, ambako safari ni ya boti, familia yenye mgonjwa wa kisukari iwe na sukari nyumbani siku zote na ijue mapema ni jirani gani mwenye boti yenye injini. Wenzake anaokunywa nao pia waambiwe kwamba ana kisukari. Wengi wao hawajui.